Utomvu Wenye Maua

Mtanicheka, lakini acha niseme. Jumamosi rafiki yangu Adela alikuja kwangu Bugene akanichora tatuu ya ua la kahawa mkononi, kwa sindano mpya, nukta baada ya nukta. Akaniusia nioshe taratibu kwa sabuni, nisisugue kamwe.

Kesho yake mama mkwe akatokea kutoka Nyakasimbi. Nilipompa mkono kumwamkia, akaona weusi. Mimi na akili zangu nyingi nikasema ni utomvu, nilikuwa namenya ndizi.

Basi akanihurumia! Akakata limao, akanisugua kwa upendo wote. Nilipiga yowe hadi majirani wakaja mbio. Mama akautazama mkono, akanitazama na mimi.

“Mkwe wangu, mgomba unaotoa utomvu wenye maua uko wapi? Nipe chipukizi nikapande.”