Kitambaa Cheupe cha Patron

Patron wetu, yaani bosi wa hospitali, alikuwa na kitambaa cheupe cha mfukoni, na hospitali nzima ilikiogopa kuliko ilivyomwogopa yeye. Kila asubuhi alikitoa kimepigwa pasi mpaka kingeweza kukata mkate, akapita nacho wodi kwa wodi. Anafuta ukingo wa dirisha, anakitazama: "Safi." Anafuta mguu wa kitanda: "Safi." Anaingia chumba cha kuzalia, anafuta vile vishikio ambavyo mama huving'ang'ania uchungu ukimzidi: "Safi." Halafu anakikunja na kuendelea.

Huko ndiko kulikokuwa kupima usafi kwetu Kigali, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wafagiaji walishaelewa somo: kitambaa kinaona vumbi tu, basi wakafuta vumbi kwa maji matupu. Javeli, ile dawa kali ya kuulia vijidudu, ilikuwa haba, imefungiwa kabatini kusubiri siku watakapokuja wageni wa wizara. Wageni wa wizara, ambao hawazai!

Mimi nilikuwa maabara. Nilikuwa nimetoka kuhitimu shule ya jioni, na mtaa wetu wote wa Nyamirambo, pamoja na mbuzi wake, ulikuwa umeshasikia habari za cheti changu. Kazi yangu ilikuwa damu, mkojo na choo. Vitanda hakuna aliyenituma kuvipima. Lakini katika wodi ya wazazi akina mama walikuwa wakishikwa homa siku chache baada ya kujifungua, na si wote waliorudi nyumbani. Na dada yangu, aliyenilea tangu mama yetu afariki, alikuwa na mimba iliyotimia. Tumbo linaingia ndani kwanza, yeye anafuata baada ya robo saa. Angezalia pale. Kwingine mfuko wetu haukufika.

Basi asubuhi moja, patron alipotoka tu kusema "safi" yake, nikachukua kijiti cha pamba, nikakisugua kwenye vile vishikio, nikakipaka kwenye kisahani cha kuoteshea vijidudu na kukiweka katika kabati la joto. Kesho yake, mama yangu! Hicho si kisahani tena, ni shamba. Madoa ya manjano yamejaa ukingo hadi ukingo. Ungeweza kufungulia ng'ombe waje kula.

Nikampelekea. Akakitazama kwa mbali, kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

"Umekitoa chooni?"

"Kitanda cha kuzalia, patron. Kile ulichokipima jana."

"Nilikifuta mwenyewe, kitambaa kikatoka cheupe." Akamgeukia mkunga mkuu, mama wa makamo aliyekuwa akisubiri kusainiwa karatasi zake. "Mama, unamsikia msomi wetu wa jioni? Alisoma gizani, ndiyo maana anaona vitu!"

Akacheka. Mkunga hakucheka. Mimi nilicheka, maana ndivyo nilivyo, hasira yangu hutokea na meno nje. Nikamwambia, "Patron, hebu niazime hicho kitambaa." Akanipa, akidhani nataka kufuta jasho. Nikakikandamiza kwenye kisahani kipya mbele ya wote wawili, nikamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu zote alizonifunza dada.

Kesho yake shamba lile lile. Niliangalia kwa hadubini: vijidudu vimekaa mafungumafungu kama ndizi kwenye mkungu, sawasawa na vya kitanda. Hapo kicheko kilinikauka kabisa. Mtu huyu alikuwa akivichukua huku na kuvishusha kule, kitanda hadi kitanda, kwa mkono wake mwenyewe, kama tarishi mwaminifu. Na kila alipovifikisha alitoa cheti kwa mdomo: safi!

Nikampangia visahani viwili mezani, mkunga akiwa kando yangu. Patron aliinama, akatazama kimoja, akatazama kingine. Akarudia tena, hata nikaanza kumhurumia.

"Kweli," alisema mwishoni. "Kitambaa hiki kimechakaa."

Asubuhi iliyofuata alikuja na kipya, kimetariziwa maua kwenye pembe. "Umefurahi sasa?" aliniuliza, na kumbe hakuwa akitania. Ningekuwa mlima, siku hiyo ningetapika moto hadi Goma.

Lakini dada alikuwa ameshafika, uchungu umemshika alfajiri. Mkunga hakuomba ruhusa ya mtu. Alivunja kufuli la kabati, akatoa javeli ya wageni, akakisugua kile kitanda na vishikio vyake mpaka macho yakatutoka machozi kwa harufu. Patron alipokaribia, alimkuta amesimama mlangoni.

"Humu hupimi leo, patron."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya huyu anayezaa. Ukitaka kuingia, kiache hicho kitambaa nje."

Dada akapiga kelele kutoka ndani, "Nani huyo anayetaka kunifuta vumbi? Mfukuzeni!"

Patron akasimama kidogo, akanusa ile javeli, akanung'unika kwamba wageni watasafishiwa hospitali kwa dawa gani sasa. Kisha akageuka.

Dada alizaa msichana mwenye sauti iliyosikika hadi mtaa wa Kimihurura, na homa haikumgusa. Nilipaswa kuikumbuka siku ile kwa furaha. Nami hufurahi, mpaka nikumbuke kwamba, wakati mtoto wetu akilia kwa mara ya kwanza, nilisikia viatu vya patron vikienda mwisho wa korido. Mlango wa wodi ya watoto ukafunguka. Kisha sauti yake:

"Safi."