Bolti za Mtelezo wa Keumbu

Sijui nitapitaje Keumbu tena. Mjomba wangu ni fundi wa vyuma pale, na likizo hii tulitengeneza mtelezo wa watoto wa chekechea. Mwalimu mkuu alisema akiupenda, atampa mjomba kazi ya bembea pia.

Vichwa vya bolti za mtelezo lazima vizame ndani ya chuma, mkono ukipita usihisi kitu. Biti za drili za kuchimbia hapo zilikuwa mbili, moja ya ncha nyembamba, nyingine pana.

"Unajua ya kutumia?" mjomba aliuliza.

Nikasema ndiyo. Mimi huona aibu hata kuomba chumvi mezani.

Nilichukua nyembamba kwa sababu ilionekana ya maana zaidi. Mashimo yakawa madogo, vichwa vikakataa kuzama. Badala ya kumwambia mjomba, nilivipaka rangi ya manjano, nikamwomba Mungu.

Siku ya ufunguzi wazazi walijaa, lakini watoto waliogopa kupanda.

"Kerubo, panda uwaonyeshe," mjomba akasema.

Nikapanda, maana kukataa kungehitaji kuongea mbele ya watu. Nilipofika katikati, bolti ilishika sketi yangu. Nikabaki hapo nimenyoosha miguu.

"Tichaa," mtoto mmoja akauliza, "kwani mtu huishia hapo?"

Mwalimu mkuu akaja, akapapasa bolti polepole. "Fundi, hizi ni kazi ya nani?"

Mjomba alikuwa mbali, nyuma ya wazazi, akadhani tunasifiwa. Akajibu kwa ile sauti yake ya kanisani, "Zote ni za Kerubo! Hata biti alijichagulia mwenyewe!"