Kampuni, Simameni

Jumamosi moja nilikuwa nafua nguo nyumbani kwangu Onduparaka, pembeni mwa mji wa Arua, majirani wote wameshakwenda uwanjani kutazama mpira na kelele zao, nikamsikia bosi wangu redioni. Kilikuwa kile kipindi cha viongozi wa biashara, ambapo kila wiki huletwa mkubwa mmoja aeleze alivyopanda mpaka akafika juu. Mtangazaji akamuuliza safari yake ilianzia wapi. Akacheka kidogo, kicheko chake cha mikutanoni, akasema, "Mimi nilianzia chini kabisa. Nilianzia Koboko, ghalani, na wafugaji wa nyuki."

Nilibaki nimesimama na shati mkononi, maji yananichuruzikia miguuni. Chini kabisa! Huko chini nilikuwako mimi, na yeye sikumbuki kumwona akikaa hata kiti kikapata joto. Aliletwa ajifunze kazi, nikamfundisha, na mvua hazijakatika alikuwa amesharudi Kampala na picha zake amevaa kofia ya wavu. Nilizima redio nikaendelea kufua, na lile shati nililikamua mpaka likatoka vifungo.

Mimi kazi nilianza kama karani wa ghala la kampuni yetu pale Koboko. Tulinunua asali na simsim, yaani ufuta. Wenye kampuni walikuwa Kampala, mkurugenzi alikuwa Arua, na Koboko nilikuwa mimi, mizani na mapipa. Nilikuwa nimesoma kwa masista Ediofe, najua hesabu na najua kunyamaza, na kwa mwenye kampuni sifa hizo mbili zinatosha.

Msimu wangu wa kwanza alikufa mzee mmoja mfugaji wa nyuki, mtu aliyekuwa akituletea asali nyingi kuliko wenzake. Kampuni haikwenda kuzika. Hakuna aliyekataa kwenda, ila ofisini Arua hakuna aliyewaza kwamba ni jambo la kuwazwa. Kwetu, siku ya maziko, kabla jeneza halijatoka uani, anayeendesha shughuli husimama na kipaza sauti akaita kundi moja moja: watu wa kanisa, watu wa shule, watu wa kazini. Kila kundi linaitwa lisimame lionekane, na mmoja wao anasema maneno machache. Siku ile wakaita watu wa kampuni ya asali, na hakuna aliyesimama. Msimu uliofuata asali ya upande ule wote ilivuka mpaka ikaenda kwa wachuuzi kutoka Kongo. Mmoja wao alikuja mwenyewe ghalani kwangu kunicheka. "Dada, mimi nilizika ule muzee," akaniambia. "Nyinyi mulikuwa wapi? Mutu hauzishe asali yake kwa mutu yeye hamujui."

Kifo kilichofuata nilikwenda bila kutumwa na mtu. Nilibeba sukari na sabuni, nikavaa kitenge na viatu vya chini, nikakaa mkekani na wanawake. Walipoita kampuni nikasimama peke yangu. Nikasema tumepata pigo pamoja nao, nikamtaja marehemu na mizinga yake, nikakaa. Nilikula walichokula. Nilisubiri mpaka udongo wote ukarudi shimoni na mama mkubwa wa nyumba akanipa mkono. Msimu ule mapipa yetu yalijaa.

Mkurugenzi wa wakati ule, mzee mmoja mpole wa maneno, aliona mapipa, akauliza, akaambiwa. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yangu juu ya kazi zangu. Akifa mtu Ludara, nitumwe. Akifa mtu Maracha, nitumwe. Walipolifanya ghala la Koboko kuwa tawi, mimi ndiye niliyeliendesha. Walipofungua mengine, mimi ndiye niliyetafuta watu, nikatafuta wakulima, nikasuluhisha ugomvi wa mizani, na bado Ijumaa jioni simu ikilia nilijua kuna mahali kaburi linachimbwa. Nilikwenda na malaria, na hata nikiwa na mimba sikuachwa nyumbani. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba siku akifa yeye ataomba kampuni imtumie mtu mwingine, maana mimi hotuba zangu ameshazizoea.

Mkurugenzi mzee alikuwa akiniambia mbele ya watu, "Kiti hiki nikiinuka, anakaa huyu." Alisema hivyo Arua, akasema Koboko, akasema hata kwenye msiba mmoja, na watu wa msibani wakaitikia. Nami nikaamini. Ningeachaje kuamini? Kwa macho ya watu wa huku, anayesimama kwenye maziko ndiye mwenye kampuni. Sikujua kwamba kwa macho ya Kampala ni kama anayepika chai.

Aliyeamini kuliko mimi alikuwa mama yangu, huko Ludara. Baba yangu alikuwa askari, na nyumbani kwetu Kiswahili cha kambini ndicho tulicholelewa nacho. Mama alikishika mpaka uzeeni, hata baba alipokwisha kufa na hakuna tena wa kumwamrisha kwacho. Siku moja nilimkuta amemwita fundi seremala uani. Anamtengenezea kiti cha mvule, chenye mikono, kikubwa kuliko kitu chochote kilichokuwa ndani ya nyumba ile.

"Kiti ya nani, mama?"

"Ya mukurugenzi. Siku wewe napata kazi, wewe nakuja, wewe nakaa hapa. Mutu mwingine hapana kaa."

Nilimwambia bado sijapewa. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyeuliza kama kesho kutakucha. Kiti kilipokwisha akakifunika kwa kitambaa cha kufuma, na kuku aliyethubutu kukiparamia alipigwa fimbo. Alikwisha kuwaambia wenzake kanisani, akawaambia sokoni, akamwambia na katekista. Kama cheo kingekuwa kinagawiwa Ludara, ningekuwa nimekipata zamani.

Yule bosi wa redioni, wakati huo kijana tu, aliletwa katika miaka hiyo. Kijana mwenye heshima, sitasema uongo, ananiita mama, anafungua mlango wa gari. Nilimpeleka kwenye maziko yake ya kwanza upande wa Ludara. Alikaa na miwani yake ya jua, akatazama simu, na jeneza liliposhushwa tu akaninong'oneza kwamba ana mkutano Arua. Akaondoka, udongo haujaanza kurudi. Bibi mmoja akaniuliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Huyu bwana nakimbia nini? Maiti nafukuza yeye?" Watu walicheka, msibani pale, na mimi nikacheka. Nikajisemea, huyu hata akisoma namna gani, huku hafiki popote.

Mkurugenzi mzee alipostaafu, bodi ilikuja Arua kufanya mahojiano. Niliingia na kitenge changu kizuri. Wakanitaka nieleze safari yangu ya kazi. Nikaeleza. Nilieleza ghala, tawi, wakulima, mizani, na nikaeleza maziko, maana bila hayo mengine yasingekuwako. Mmoja wa wajumbe, mama mwenye miwani ya dhahabu, alitabasamu vizuri sana, akaniambia, "Wewe kweli ni mama wa kampuni hii." Nilitoka nje nikijua nimeshinda. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Wakampa kijana. Mkurugenzi mzee alikuja kuniambia mwenyewe, na angalau kwa hilo namheshimu. Tulikaa kwenye gari lake, hakutaka kunitazama.

"Nilikupigania," akasema.

"Walisema nini, mzee? Sijasoma vya kutosha?"

"Hapana. Walikusifu."

"Basi walisema nini?"

Akahangaika na funguo. "Walisema tukimpandisha huyu, nani atatuzikia watu?"

Nimekuwa nikiirudia sentensi hiyo kwa miaka sasa, nikiosha vyombo, nikiwa njiani kwenda Koboko, nikiwa kanisani wakati wa kimya. Nani atatuzikia watu. Nilikasirika na bado nimekasirika, na anayetaka kunifundisha kusamehe asinitafute. Yule aliyeondoka kabla ya udongo akapewa kampuni. Mimi niliyebaki mpaka mwisho nikapewa kubaki.

Mtaniuliza kwa nini sikuacha kazi. Niende wapi? Niandike kwenye barua ya maombi kwamba ujuzi wangu ni misiba? Nilikuwa na umri ambao mwajiri akikuona anakuamkia. Nikabaki, nikapewa cheo kipya chenye maneno mengi, kuhusu mahusiano na jamii, na kiti kipya cha ofisini kinachozunguka. Kazi ikawa ileile.

Kwa mama nilikwenda na nia ya kumweleza. Nilipofika aliona gari, akanisikia mlangoni, akaenda moja kwa moja kuondoa kitambaa kwenye kiti. Aliniambia, "Kaa." Basi. Hakuuliza kama nimepata au sikupata. Aliweka maji ya kunawa, akaita majirani waje waone. Nikakaa kwenye kile kiti. Nilikula ugali wa muhogo na simsim mbele ya majirani, wakinipongeza, na kila nilipofungua mdomo kusema kweli mama alikuwa ananiongezea mchuzi. Nilirudi Arua sijasema. Baada ya hapo kila nilipokwenda nilikalishwa palepale.

Akafa akiwa analijua hilo tu, kwamba mtoto wake ni mkurugenzi.

Niliipigia ofisi simu kuwaarifu. Karani akasema pole sana, akaniuliza, masikini, bila hila yoyote, "Sasa kampuni itawakilishwa na nani?" Nikamwambia amuulize bosi. Bosi akaniandikia ujumbe kwenye simu. Alinipa pole, akasema mama alikuwa mama yetu sote, ila yeye amealikwa Kampala kuzungumza na vijana juu ya safari ya uongozi, na tarehe haiwezi kusogezwa. Chini akaongeza kwamba ameagiza sukari na sabuni zipelekwe. Zilikuja kweli, kwenye gari la mizigo, na dereva alizishusha akaendelea na safari yake ya kuchukua asali.

Siku ya maziko nilikaa mkekani na wafiwa, nimefunga kitambaa kichwani, miguu nimeinyoosha kama inavyotakiwa. Mfiwa kwetu hasemi, husemewa. Mbele ya turubai, kwenye safu ya wageni wakubwa, walikuwa wameweka kile kiti cha mvule. Mama mwenyewe ndiye aliyeagiza akiwa mgonjwa, kwamba siku hiyo wakubwa wa kampuni wakija, kiti kitoke nje. Kilikaa pale kitupu juani, na watu waliochelewa walikipita wakaenda kukaa chini.

Aliyeendesha shughuli alikuwa yule katekista, mtu niliyekutana naye makaburini mara nyingi kuliko nilivyokutana naye kanisani. Akaita watu wa kanisa, wakasimama. Akaita Umoja wa Akina Mama, wakasimama wakaimba. Kisha akasema, kwa sauti aliyoizoea, hata karatasi hakutazama, "Watu ya asali. Kampuni, simameni."

Hakuna aliyesimama.

Akatazama kwenye viti. Akatazama barabarani, labda gari linakuja. "Kampuni iko?" akauliza. Wakulima waliokuwa wamejaa chini ya turubai wakageuza shingo. Wengi wao niliwazikia baba zao. Nikaona aibu inanipanda, na ajabu yake ni kwamba sikuona aibu kwa ajili yangu, niliona aibu kwa ajili ya kampuni. Ndipo nilipoelewa walichonifanya. Miguu yangu iliinuka yenyewe. Shangazi akanishika kitenge, akaninong'oneza, "Wewe nakwenda wapi? Kaa na mama yako." Nikajitoa mkononi mwake nikaenda mpaka kwenye kipaza sauti.

Nilisema maneno yote. Nilisema kampuni imepokea habari hizi kwa masikitiko makubwa. Nilisema marehemu alikuwa mzazi wa mfanyakazi wetu wa siku nyingi, na kwamba tuko pamoja na familia. Nilisema tumeleta sukari na sabuni. Sauti yangu haikutetemeka hata mahali pamoja, na hilo ndilo nisilojisamehe na wala sitawasamehe wao.

Katekista akaniachia nimalize, kisha akauliza kama anavyouliza siku zote, "Na mukurugenzi mwenyewe? Natuma salamu tu, ama iko hapa?"

Nikakitazama kiti cha mama.

"Mkurugenzi iko," nikasema. "Ni mimi."

Nikaenda nikakaa. Nilingoja mtu anong'one, nilingoja mtu acheke. Hakuna aliyeshangaa. Wangeshangaa nini? Miaka yote hawakuwahi kumwona mwingine. Katekista akaitikia kwa kichwa, akasema, "Asante, bosi," akaita watu wa shule.

Walipombeba mama nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile. Nilibaki mpaka udongo wote ukarudi, kwa sababu mtu wa kampuni haondoki kabla. Wafiwa walikuwa wanalia mkekani, na pale nilipokuwa nimekaa mimi, kati ya shangazi na mdogo wangu, palikuwa wazi.