Gita la Mbogo na Shilingi Mbili za Wekoye

Jumamosi, tarehe 12 Agosti 2006. Kitale kulikuwa na ukungu hadi saa tatu, kisha manyunyu mepesi. Bungoma tulikuta jua kali.

Safari nzima Mbogo alilipakata gita lake. Alikataa liwekwe nyuma ya pikapu ya kanisa pamoja na ngoma na masufuria ya chai. Alikuwa amelifunga kwa blanketi, na juu ya blanketi akaweka karatasi ya nailoni, na kila tulipokaribia shimo aliinua magoti kidogo ili lisitikisike. Mimi nilikuwa katibu wa kwaya yetu ya Kitale na niliketi kando yake. Ninayoandika hapa mengine niliyaona, mengine alinisimulia mwenyewe mwaka uliofuata, tukiwa tunapukuchua mahindi, bila mimi kumuuliza.

Alikuwa na miaka arobaini na sita, karani katika duka la mbegu na mbolea. Wazazi wake walitoka Nyeri wakati yeye bado ananyonya, wakanunua shamba nje ya mji wa Kitale. Magita alianza kuyashika mwaka wa 1998, gita la umeme la kanisa lilipozima katikati ya ibada na mafundi wa redio wakashindwa nalo. Mbogo alilibeba nyumbani, akalifungua juu ya meza ya kulia, akachora kila waya kwenye daftari kabla ya kuugusa. Jumapili iliyofuata lilisema. Tangu hapo kila Jumamosi alasiri ilikuwa ya magita. Hakulipwa na mtu, wala hakutaka.

Hili la mapajani ndilo la kwanza alilolijenga mwenyewe kuanzia mbao. Kiwiliwili alikichonga kutoka meza ya mvule ya marehemu baba yake. Shingo aliipata kwa muuza mitumba, imeng'olewa kwenye gita lililovunjika. Alilipiga msasa, akalipaka vanishi mara tisa, na kila mara aliandika tarehe. Mkewe, Nyaruai, alikuwa akipita na ndoo anamwambia, "Baba Muturi, miaka miwili! Hiyo ingekuwa mtoto si ingekuwa inatumwa dukani?"

Aliyemjengea alikuwa Mwalimu Khisa wa Bumula, ingawa Mwalimu mwenyewe hakujua. Khisa alikuwa amestaafu kufundisha shule ya msingi, na alipiga gita kwa kidole gumba na cha shahada tu, kama wazee wa Bungoma wanavyopiga. Mbogo alimsikia mara moja katika harusi kule Naitiri akasahau kula. Alitaka jambo moja tu: siku moja amwone mtu yule ameshika gita lililotoka mikononi mwake. Sasa kanisa jipya la Bungoma lilikuwa linafunguliwa Jumapili, kwaya yetu na ya Bungoma zingeimba pamoja, na Khisa ndiye angepiga. Gita lake la zamani lilikuwa limeharibika. Alikuwa ameomba aletewe jingine.

Tatizo ni kwamba alikuwa ameomba watu wawili.

Tulipoingia kanisani tulimkuta Wekoye wa Kimilili, fundi wa redio, ameketi juu ya spika anakula ndizi. Gita lake lilikuwa limeegemezwa ukutani bila kifuniko. Kiwiliwili cha gita kilikuwa ubao wa mlango, umepakwa rangi ya buluu iliyobaki baada ya kupaka geti la mtu. Sumaku za kunasa sauti alizizungushia mwenyewe waya wa redio mbovu.

"Mbogo!" akaita. "Karibu, ndugu yangu. Ati umelala na hiyo kitu miaka miwili? Yangu ni wiki tatu, na nilikuwa na malaria."

Watu wakacheka. Mbogo naye alicheka kidogo, lakini aliniambia kwamba neno "wiki tatu" lilimchoma.

Khisa, aliyekuwa pale akitungoja, alichukua la Mbogo kwanza. Aliligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Aki hii ni urembo." Mbogo alishika mikono yake nyuma. Kisha Khisa akaliunganisha na amplifaya na kuanza kupiga, na gita likanguruma. Kila gumba lilipovuta uzi mnene, uzi uligonga vyuma vya shingo ukalia kama nyuki ndani ya kopo.

Khisa aliacha. "Nyuzi ziko chini sana, Mbogo."

"Ni joto la huku," Mbogo akajibu upesi. "Kitale ilikuwa sawa. Shingo imepinda kidogo kwa safari. Ikipoa itarudi."

Haikuwa joto. Mbogo alikuwa amepima urefu wa nyuzi kutoka shingoni kwa vile vibati vyembamba ambavyo makanika hupimia plagi za gari, akaziteremsha hadi pale ambapo mkono wake mwepesi ulisikia raha. Miaka miwili alimjengea Khisa gita, na muda wote alilipima kwa vidole vyake mwenyewe. Kuziinua kungemchukua dakika kumi. Lakini Wekoye alikuwa pale anatazama.

Khisa akachukua lile la buluu. Nyuzi zake zilikuwa juu, na gumba lilizivuta kwa nguvu zote bila uzi kugonga chuma. Sauti ilijaa kanisa. Kina mama wa kwaya waliokuwa wakipanga viti waliacha viti.

"Ulipima na nini?" Khisa akauliza.

"Shilingi mbili," Wekoye akasema. Akatoa sarafu mbili mfukoni, akazilaza moja juu ya nyingine, akazipitisha chini ya uzi. "Nilikuangalia vile unapiga pale Kimilili, nikaona huyu mzee ana hasira ya kidole. Basi. Hakuna hesabu ingine."

Mbogo alitazama zile sarafu. Aliwaza vanishi mara tisa. Aliwaza daftari lake. Aliniambia kwamba wakati ule, kama angepewa nafasi ya kuchagua kati ya gita lake kusifiwa na lile la buluu kupasuka, angechagua lipasuke.

Nafasi ilikuja yenyewe. Khisa alipopandisha vidole juu ya shingo ya gita la buluu, noti zilikosana. "Chini tamu," akasema, "lakini huku juu zinapanda kupita. Hiyo haiwezi kwenda kesho."

Wekoye hakuona aibu hata kidogo. "Hapo ndipo mimi huwa nashindwa. Masikio yangu ni ya redio. Mbogo, si wewe ndiye mtu wa kupima? Nirekebishie, bana."

Mbogo akaketi na bisibisi na kipima sauti chake cha betri. Kazi yenyewe si ngumu: kila uzi unabebwa na kijichuma chake upande wa chini, nacho husogezwa nyuma au mbele mpaka noti ya juu ikubaliane na uzi usiobanwa na kidole. Alisogeza cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akafika cha nne, ambacho gumba la Khisa hukitegemea sana. Mshale wa kipima sauti ulionyesha kosa. Aliutazama. Akaruka kwenye cha tano, kisha cha sita.

"Tayari," akasema, akamkabidhi Wekoye. Khisa alikuwa ameshakwenda kunywa chai. Wekoye hakujaribu hata noti moja. Alimpiga Mbogo begani akasema asante mara tatu.

Tulilala kwa wenyeji wa kwaya. Mbogo alipewa ugali na kuku akala kidogo, akaomba aende kulala.

Jumapili asubuhi, saa moja na nusu, tulikuwa kanisani kwa mazoezi ya mwisho. Mary Ann, kiongozi wa kwaya yetu, alihesabu moja, mbili, tatu, na Khisa akaanza kwenye gita la buluu. Wimbo ulikwenda vizuri hadi alipopanda juu. Hapo uzi mmoja ukatoka na sauti chachu, na waimbaji wa sauti ya pili wakayumba nao.

Khisa alisimama. "Hapana. Nipeni ile ya nyuki. Angalau hiyo iko na noti zake. Nitaipiga polepole."

Basi Mbogo alikuwa ameshinda. Gita la mvule lilikuwa limeshafunguliwa blanketi, Khisa amenyoosha mkono.

"Kumbe watu wa Kitale pia hukosea," mtu mmoja akasema kutoka nyuma.

"Wacha!" Wekoye akamkata. "Mbogo hakosei. Mimi ndiye nililibeba vibaya jana, pengine niligonga mahali. Usimwekee yeye lawama."

Alisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Hata hilo Mbogo alimwonea wivu, jinsi lilivyomtoka rahisi. Alibaki ameshika gita lake na hakumpa Khisa.

"Hukugonga kitu," akasema. "Ni uzi wa nne. Jana sikuugusa."

Mary Ann akamgeukia. "Ulisahau?"

"La. Sikusahau."

Wekoye alimtazama Mbogo. Khisa akakohoa. "Basi shika bisibisi, mzee, kabla mhubiri hajafika."

Mbogo alipiga magoti sakafuni, gita la buluu mbele yake, akasogeza kijichuma cha nne hadi mshale ukasimama katikati. Akajaribu mara tatu, akampa Khisa. Kisha akalivuta gita lake la mvule karibu, akavitazama vile vibati vyake, akavirudisha mfukoni.

"Wekoye," akasema bila kuinua uso, huku amenyoosha kiganja, "hebu nipe zile shilingi mbili."