Joto la Wageni

Mimi nikikasirika sinyamazi, na siku ile nilikasirika kweli. Tulikuwa Barking, huku London, kwenye hitima, wanawake tumejaa jikoni twamenya vitunguu. Serikali ilikuwa imewakatia wazee wengi ule msaada wa kupasha nyumba joto wakati wa baridi, na kila mtu alikuwa na lake la kusema. Mmoja wetu akadakia, "Afadhali wamekata! Hata wenye majumba walikuwa wakipewa. Na kodi ni zetu sisi tunaokesha na wagonjwa."

"Alaa! Na mama yangu je?" nikamrukia. "Amefua mashuka ya hospitali za nchi hii mpaka mgongo umemharibika, leo mwamwambia ajifunike leso?"

Mama mwenyewe alikuwa pale pale, kisu mkononi. Akasema taratibu, "Nyamaza, mwanangu. Wapewe wenye shida. Kwangu kuna joto."

Nikamwamini, maana kila Jumapili nikimtembelea kwake Kilburn, nyumba ilikuwa moto hata navua sweta.

Wiki chache baadaye nikapita bila kupiga simu, nina mfuko wa mahamri. Akanifungulia amevaa koti, leso mbili kichwani, pumzi yamtoka kama moshi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hata salamu hakunipa. Aliikimbilia hita. "Ungenambia waja! Ngoja niwashe, utashikwa na baridi."

Hapo ndipo nikaelewa. Joto lilikuwa la wageni, kama vile vikombe vya maua alivyovifungia kabatini. Mgeni akiondoka, anazima. Na kile kikohozi alichokuwa akiniambia ni vumbi tu, kumbe! Nikamfokea, wallahi, kisha nikalia, ikawa yeye ndiye wa kunibembeleza.

"Nijiwashie peke yangu?" akasema. "Hiyo si israfu?"

Baridi ile yote tukawa wageni wake kwa zamu: mimi, wanangu, hata yule aliyesema afadhali wamekata. Mama aliujua mchezo wetu, akatukaangia viazi. Lakini usiku alibaki peke yake, na kikohozi hakikumwacha mpaka miti ilipochipua.

Mwaka uliofuata serikali ikarudi nyuma, na mama akawa miongoni mwa waliorudishiwa. Watu waliguna tena, lakini mimi nilishukuru. Hata hivyo roho haikunitulia. Kupewa amepewa, lakini atawasha? Baridi ilipokaza nikaenda tena bila simu, nikabisha.

Akafungua amevaa dera tu, miguu mitupu. Joto likanipokea mlangoni. Nikachungulia sebuleni, sikuona mtu.

"Nani alikuwa hapa?"

"Hakuna."

"Sasa umemwashia nani?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Kwani mimi si mtu?"

Alhamdulillahi! Nikasimama pale pale kizingitini, nacheka huku machozi yanitoka.

"Ingia basi ufunge mlango," akasema. "Wanitolea joto langu nje."