Shingo Mpya ya Baiskeli ya Maziwa

Wewe mwenye baiskeli ya zamani iliyoegemea ukuta, nisikilize kwanza kabla hujaiuza. Nitakueleza jinsi yangu ilivyopata shingo mpya, nawe utaona kwamba kazi hiyo si ngumu kama inavyosemwa. Shingo ni kile chuma kifupi kinachotoka juu ya fremu na kuushika usukani. Yangu ilikuwa fupi mno, na ufupi huo nusura unifungie barabara.

Niliipata baiskeli hiyo miaka ile biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumwagika hadi masoko ya kwetu. Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi Mbeya, aliniletea baiskeli ya mashindano, nyembamba, usukani umejikunja kwenda chini kama pembe za kondoo. Tulibadilisha matairi, tukafunga keria, nikaanza kupeleka maziwa ya ng'ombe wetu kutoka Kisondela hadi kwenye migahawa ya Tukuyu. Maziwa hayo ndiyo yaliyokuwa yakiwasomesha watoto.

Sasa, kwetu mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Ukimwona anakuja, unatoka njiani, unaingia migombani na kumpa mgongo hadi apite. Nilipokuwa nikitembea kwa miguu desturi hii haikunisumbua, maana anayetembea huona mbali. Lakini ile baiskeli ilinilaza. Breki zilikuwa chini kwenye zile pembe, na kila nilipoteremka nilizishika, kifua juu ya usukani, macho kwenye tairi la mbele.

Asubuhi moja, nikiteremka kuelekea mtoni, nilisikia ukelele. Nilipoinua kichwa nilimwona baba mkwe wangu akiruka mfereji, fimbo huku, kofia kule. Alitua katikati ya magimbi. Nilipita bila kusimama, kwa sababu hata kusimama nimwombe radhi nisingeweza.

Mchana mama mkwe alikuja jikoni kwangu.

“Mzee ameumia, mama?” nilimuuliza kabla hajaketi.

“Hana hata mchubuko. Ana aibu. Anauliza, tangu lini baba mkwe akamkimbia mkamwana?” Alitaka kucheka, akajizuia kwa ncha ya kitenge. “Anasema hicho chuma kisipite tena barabara ile.”

“Na barabara ni hiyo moja.”

“Ni hiyo hiyo. Nitamtuliza kidogo. Wewe nenda ukatafute namna ya kuona mbele, mwanangu.”

Niliisukuma baiskeli kwa miguu hadi Tukuyu, kwa fundi mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Alikuwa Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani, na mdomo wake ulikuwa bado wa huko.

“Karibu, bibie. Leo kipando kimekukosea nini?”

“Nataka nione mbele, fundi.”

“Kwani sasa unaona nini?”

“Tairi.”

“Basi hujapanda baiskeli. Umepanda mbuzi anayekula majani.”

Alilegeza bolti ndefu ya juu, akaigonga taratibu kwa nyundo ya mbao, shingo ikalegea. Akaivuta juu mpaka mstari mdogo uliochongwa kwenye chuma chake ukaanza kutokeza. Nikamwambia aongeze.

“Mstari huu usiuone nje,” alisema. “Ukitoka, chuma kilichobaki ndani ni kidogo. Siku moja kwenye mteremko usukani utabaki mkononi mwako kama bakora ya khatibu, na baiskeli itakwenda zake.”

Alikuwa na shingo nyingine, aliyoitoa kwenye baiskeli ya kisasa ya mtumba iliyovunjika fremu. Ilikuwa ndefu na imeinuka vizuri, lakini ilikuwa ya namna tofauti, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Wewe usikate tamaa. Shingo ya zamani ni kama kizibo: inaingia ndani ya bomba la uma, ule unaoshika gurudumu la mbele, na kujibana humo. Ya kisasa ni kama kifuniko: inalikumbatia bomba kwa nje. Vitu hivyo viwili haviwezi kuoana bila mshenga.

Mshenga wetu alitengenezwa Kiwira, kwa fundi wa kukereza vyuma. Kilikuwa kipande cha chuma, chini chembamba kiingie ndani ya uma, juu kinene shingo mpya ikikumbatie. Kwenye ncha ya chini kilikatwa mshazari, kikawekewa kabari inayovutwa na bolti ndefu, nacho kilichorwa mstari wake wa mwisho. Fundi wangu alikipaka grisi, akakiingiza, akakaza. Shingo mpya ilikuwa na bamba la mbele linalofunguka, kwa hiyo usukani uliingia bila kuvua breki wala kufungua utepe uliouviringisha. Ulicheza kidogo, akauzungushia kipande chembamba cha bati la kopo, kikatulia.

Tukafurahi mapema. Nilipokata kona ya kwanza breki ya nyuma ilijifunga yenyewe, nikarudi nikiikokota. Usukani ulipopanda, waya wa breki ulikuwa umebaki mfupi. Fundi alijipiga kofi kwenye paji la uso. “Tumemvika bibi arusi tukasahau viatu!” Akafunga waya mrefu.

Nilirudi Kisondela nimekaa wima. Niliona migomba pande zote mbili, niliona paa la shule, na kwenye kilele cha mlima wa mwisho niliona kofia ninayoifahamu ikija. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Nilishuka, nikaivuta baiskeli hadi migombani, nikajitanda kitenge, nikageuka.

Hatua zake zilifika usawa wangu, zikasimama. Kusema nami hakuweza, akasema na migomba.

“Migomba, naona leo chuma hiki kimepata macho. Mwambieni mwenyewe maziwa yasichelewe mjini.”

Akakohoa, akaendelea. Mimi nilibaki pale nikilia na kucheka. Ndaga fijo, nilisema moyoni, asante sana, na hadi leo naisema: kwake aliyeniachia barabara, kwa mama aliyemtuliza, kwa fundi aliyekataa kuuvuka mstari. Tangu siku ile, baba mkwe kila alipokaribia kona alikohoa kabla hajatokeza, nami nilipiga kengele. Watoto wakamaliza shule.

Kila asubuhi, kabla ya kufunga madumu, nilifanya jaribio alilonifundisha fundi. Lifanye na wewe ukishafunga shingo yako. Simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu la mbele kati ya magoti, shika usukani kwa mikono miwili na ujaribu kuupindisha kwa nguvu. Usukani ukizunguka huku gurudumu limetulia, usipande. Kaza bolti, kisha jaribu tena.