Pipa Aliloliacha Kaburu

Thuo fundi hagombani na mteja kwa sababu ya malipo, lakini kwa sababu ya oili atakufukuza. Lete gari lako kwenye kibanda chake nyuma ya soko la Eldoret, umwambie, "Fundi, nitilie ile nzito kabisa," uone atakavyokunja uso. Atachomoa kijiti cha oili, asugue tone moja kati ya vidole viwili, kisha akuulize gari linakwenda maili ngapi kwa galoni moja. Wengi hudhani ni maringo ya ufundi. Lakini Thuo ana lake moyoni, la tangu mwaka wa 1968.

Mwaka huo yeye na wenzake, wengi wao waliotoka Kiambu na Murang'a, walikuwa wameunda kampuni, wakachanga na kununua shamba la kaburu mmoja upande wa Timboroa, kule juu ambako asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa barafu. Kaburu alifunga virago akaenda zake. Aliacha nyumba ya mawe, ng'ombe wa maziwa, lori kuukuu na, ndani ya ghala, pipa zima la oili ya trakta. Kura za kugawana vipande zilikuwa bado, kwa hiyo kila kitu kilikuwa cha wote. Kila alfajiri lori lilipeleka maziwa Eldoret, na dereva wake alikuwa Nur.

Nur alizaliwa Eldoret, mwana wa Msomali msafirishaji wa ng'ombe. Alikuwa amenunua hisa yake kama mwanachama mwingine yeyote, na katika orodha yote ni yeye peke yake aliyekuwa na jina la namna ile. Yeye na Thuo walikuwa marafiki wa chai. Nur akirudi kutoka mjini hakukosa kumletea Thuo mkate.

Lori lile lilikuwa limechoka. Lilitoa moshi wa buluu na kugonga tumboni kama mtu anayetwanga. Thuo alikuwa amejifunzia kazi kwa macho tu, akimshikia spana fundi wa kaburu, na Kiingereza cha vitabu kilimpita kando. Namba alizijua. Kitabu cha lori kilitaka oili ya uzito wa thelathini. Pipa la kaburu liliandikwa hamsini. Thuo alipiga hesabu yake ya kichwa: hamsini inazidi thelathini, na uji mzito ndio unaoshibisha. Tena pipa lilikuja na shamba, ni mali yao, la kuoza nini? Akamwaga oili ya zamani, akajaza ile ya trakta.

Moshi ukapungua. Kugonga kukatulia. Mwenyekiti wao, Mzee Waithaka, alimshika mkono mbele ya watu na kusema kampuni imepata fundi wa kweli. Thuo alitembea wiki nzima kifua mbele.

Ni Nur aliyeanza kulalamika. "Thuo, hii gari asubuhi haitaki kuamka. Hendeli nazungusha mpaka mkono inakufa ganzi. Na mlima inapanda kama imebeba mawe."

"Ni baridi tu," Thuo alijibu. "Wewe endesha, mambo ya injini niachie mimi."

Sasa, nyuma ya ghala kulikuwa na tangi la petroli la shamba, lenye kufuli, na ufunguo alikaa nao Nur. Mzee Waithaka hakuamini karatasi. Alikuwa amechonga fimbo ya mti wa mwati, akaitia alama kwa kisu, na kila Jumamosi aliitumbukiza tangini mbele ya wanachama wote. Fimbo ikitoka, kila mtu aliona kwa macho yake unyevu umefika alama gani. Wiki baada ya wiki unyevu ulishuka chini ya pale ulipozoea kufika. Safari zilikuwa zile zile na maziwa yalikuwa yale yale, lakini kila wiki galoni nne hivi hazikujulikana zilikokwenda.

Minong'ono ikaanza, na minong'ono haikosi mtu wa kumwangukia. Jumamosi ya tano Nur akasimamishwa mbele ya mkutano.

"Wallahi sijauza hata kikombe," alisema. "Ulizeni gari. Gari ndiyo inakunywa."

Mzee Waithaka akageuka. "Thuo, wewe ndio fundi. Gari iko na shida?"

Hapo ndipo penyewe. Thuo aliukumbuka mkono wa Nur uliokufa ganzi. Alilikumbuka lile pipa. Wazo likampitia kichwani, jepesi, kwamba huenda kitu kizito vile kinaisumbua injini kwenye baridi. Lakini aliona pia nyuso za watu waliomsifu, na aibu ya kusema mbele yao kwamba fundi wa kweli alijaza asichokijua. Hakuwa na hakika, akajiambia. Na mtu asiye na hakika anasemaje?

"Gari ni mzima," alisema.

Nur alimtazama, mara moja tu. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani. Jioni hiyo jina lake lilifutwa katika orodha ya kura, hisa yake akarudishiwa, na kesho yake akahama na mkewe Khadija na watoto.

Uendeshaji akapewa Waweru, binamu wa Mwihaki, mke wa Thuo. Wiki iyo hiyo pipa la kaburu likaisha, na Thuo akashuka mjini kutafuta oili. Muuzaji, Mluo mmoja aliyeitwa Ouma, mtu wa maneno mengi, alimuuliza alikuwa akitumia gani. Thuo akamwambia.

"Hamsini? Huko Timboroa?" Ouma alicheka mpaka akashika kaunta. "Fundi, hiyo asubuhi inaganda kama ugali! Injini inatumia nguvu kukoroga oili kwanza, ndio ipate ya kuvuta gari. Na nguvu inatoka wapi? Si kwa petroli yako? Chukua thelathini, utaona."

Thuo alichukua thelathini. Moshi wa buluu ulirudi kidogo, ndiyo, lakini asubuhi lori liliamka kwa mizunguko miwili ya hendeli. Jumamosi fimbo ikatumbukizwa. Unyevu ulipanda mpaka alama yake ya zamani.

Watu wakapiga makofi. "Si mmeona?" mmoja akapaza sauti. "Mwizi ametoka, petroli imerudi!" Waweru akabebwa juu juu. Thuo alisimama nyuma ya umati. Alama ile iliyopaswa kumsafisha Nur, maana ni oili tu iliyobadilishwa, ndiyo hiyo hiyo iliyommaliza, na duniani kote ni yeye Thuo peke yake aliyejua, au ndivyo alivyodhani. Angefungua mdomo pale pale. Hakufungua. Alijiambia atangoja wiki ijayo, na wiki hiyo ilipofika akajiambia atangoja kura zipite, maana nani ataligombanisha kundi siku kama hizo?

Kura zikapita. Kofia ya Mzee Waithaka ilizungushwa, na Thuo akachomoa kikaratasi cha kipande kilicho kando ya kijito, ekari tano za udongo mweusi. Mwihaki aliimba njia nzima. Thuo alishindwa kumeza chakula siku ile, na siku iliyofuata, mpaka mkewe akaanza kumchemshia dawa. Ugonjwa wake haukuwa na dawa ya majani, na yeye alijua.

Siku ya nne alikwenda Eldoret. Alimkuta Nur yuko uvunguni mwa lori la tajiri mmoja, anafunga nati. Thuo akachuchumaa, akamwambia yote: pipa, hamsini, maneno ya Ouma, fimbo. Alilia alipokuwa akisema, wala hakujificha.

Nur alitoka uvunguni, akajifuta mikono polepole.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Mimi ndio naendesha. Niliangalia oili siku ya kwanza hendeli ilinishinda."

"Sasa mbona hukusema, ndugu yangu?"

"Nisemeje? Wangesema mwizi anamsingizia fundi. Waliuliza wewe. Nikangoja useme." Nur alikunja kitambaa chake. "Na wao umewaambia?"

"Nimekuja kwako kwanza."

"Mimi nilikuwa nimejua tayari, Thuo. Wenye hawajui ni wao."

Akarudi uvunguni. Thuo akainuka, akaondoka.

Jumamosi alisimama mbele ya mkutano akasema. Wengine walimzomea, wengine wakamwona mjinga wa kujichongea. Mzee Waithaka akasema kwamba kura zimekwisha na kofia hairudi nyuma. Thuo akaomba ekari mbili na nusu za kipande chake, zile za upande wa kijito, ziandikwe jina la Nur. Zikaandikwa. Barua ikapelekwa, na mjumbe wa pili, na wa tatu. Nur hakuja. Hajaja mpaka leo, na inasemekana anaendesha malori njia ya Lodwar.

Kila mwaka Thuo huenda kufyeka magugu upande ule, asipande kitu. Na kila mwaka mvua zikikaribia Mwihaki husimama mpakani na jembe lake, kule ambako majirani hupigania hata upana wa hatua moja, na humwuliza mumewe vile vile.

"Hata maharagwe?"

"Hata maharagwe," Thuo hujibu, na kuendelea kufyeka.